Mnyoo Mdomoni mwa Samaki

Pruitt, Alabama
14 Agosti 1983

Mdogo wangu Dewey,

Salamu zikufikie huko Flint kwenye moshi na magari yenu. Mimi sijambo, ila mgongo. Mama naye hajambo, ila goti, na ameniagiza nikuambie goti hilo lingepona kama ungekuwa unaandika. Najua hukutarajia kuuona mwandiko wangu. Miaka saba si siku saba. Barua hii nimeianza mara tatu na mara zote karatasi imeishia motoni, kwa hiyo leo naingia moja kwa moja.

Ziwa limebadilika. Mwezi wa Aprili walipita watu wa ofisi ya maji na mashua yao wakamwaga dawa, na majani yote yamekufa, yale tuliyokuwa tukiyapenya hadi injini inachemka. Mvua hatujaiona tangu Juni. Maji yamekuwa meupe, Dewey. Unaliona kopo la bia futi kumi na mbili chini na chapa yake unaisoma. Samaki wetu wa besi wamehama kwenye sehemu zao zote za zamani, na hata nikiwapata wananitazama tu. Narusha chambo changu, bati jeupe la kuzunguka, lile unalolijua, samaki analifuata hadi ubavuni mwa mashua, ananikagua kama mkaguzi wa shule, kisha anarudi zake.

Unajua tangu mwaka ule naishi kwa kuwaongoza wageni. Wiki mbili sasa nawarudisha gatini mikono mitupu, mabwana wa Birmingham na buti zao mpya. Wameanza kwenda kwa Rusty Crane, kijana ambaye ndevu zake bado zinaomba ruhusa ya kuota. Novemba ikinikuta hivi hivi nauza mashua, naenda kukata kuku kiwandani.

Sasa swali langu, na usinicheke. Miaka kumi na miwili tulivua mashua moja, mimi mbele nikirusha kwanza, wewe nyuma ukirusha kwenye maji niliyokwisha kuyapita. Na bado ulikuwa unatoa samaki. Ulikuwa unarusha nini? Sikuwahi kugeuka nikatazama.

Kaka yako,
Verlon


Flint, Michigan
2 Septemba 1983

Kaka Verlon,

Salamu nimezipokea. Nami ni mzima. Kiwandani napachika milango ya magari, na bega la kulia limeanza kulalamika, lakini bado linafanya kazi. Mwambie Mama barua yake iko njiani pamoja na dawa ya kuchua goti.

Yako niliisoma wakati wa chakula, nikairudia nikidhani nimeruka mstari. Sikuruka. Umetaja goti, umetaja ziwa, umetaja ndevu za Rusty Crane. Lile jambo lingine hukuligusa.

Basi nitaligusa mimi. Aprili 1976, mashindano ya wawili wawili. Mvua ilikuwa imekatika na jua limetoka. Wewe ulikirushia kile kisiki cha ghuba ya Cotton mara tano, ukasema hapa hapana kitu, ukasogeza mashua. Nikarusha mimi. Pauni kumi na robo. Wavu uliushika wewe, na kelele ulipiga kuliko mimi. Tulipofika gatini nikaenda kuleta gari la kuvutia mashua. Niliporudi, mpiga picha wa gazeti alikuwa amekwisha kukupiga picha, samaki kifuani, na wewe unamweleza jinsi alivyolirukia bati lako jeupe. Nikajiambia, atasahihisha njiani. Njiani uliwasha redio.

Picha hiyo ndiyo iliyokuletea wageni, na ndiyo iliyonileta mimi huku kwenye theluji. Sikuweza kuingia dukani kununua ndoana bila mtu kunipiga begani akaniambia nina bahati kuvua na bingwa.

Unauliza nilikuwa narusha nini. Jibu linaning'inia dukani kwa Hoyt, juu ya jiko la kahawa, miaka saba sasa. Nenda kaitazame ile picha. Usijitazame wewe. Mtazame samaki mdomoni.

Mdogo wako,
Dewey


Pruitt, Alabama
13 Septemba 1983

Mdogo wangu,

Habari za bega? Hapa tuko salama. Dawa imefika, Mama anajichua nayo na anamsimulia kila mtu kanisani, nyumba nzima inanuka kafuri.

Nimekwenda. Nilipanda juu ya kreti la soda, Hoyt akaniuliza kama nimepoteza kitu. Miaka saba napita chini ya picha ile kila alfajiri, na nilichokuwa nakitazama ni nywele zangu, jinsi zilivyokuwa nyingi. Kwenye pembe ya mdomo wa yule samaki umening'inia mkia mdogo wa kahawia, hauzidi kidole cha mtoto. Mnyoo wa plastiki. Si bati, wala si wangu. Mwenye macho yeyote angeuona. Mimi sikuuona, au niliuona siku ile nikaamua sijauona. Hakika sijui, Dewey.

Nimekukosea. Yule mpiga picha aliniuliza mimi, nikajibu kabla sijafikiri, na kila mwaka uliopita neno lile likawa gumu zaidi kulimeza.

Nimemwambia Hoyt aishushe, na sababu nimemwambia, wazee wote wa jiko la kahawa wakinisikia. Imeshuka. Sasa iko chumbani kwangu, nimeigeuza uso ukutani. Njoo Krismasi. Utasimama mbele, na mimi nitakaa nyuma nile makombo, nijue yana ladha gani.

Na kama moyo wako utaruhusu, niambie habari za huyo mnyoo. Msimu unakatika.

Kaka yako mkosaji,
Verlon


Flint, Michigan
25 Septemba 1983

Kaka yangu Verlon,

Bega limepona, au furaha imenisahaulisha. Nimeisoma barua yako mara nyingi hadi imechanika kwenye mikunjo. Nilikuwa nimekwisha kujizoeza kwamba neno lile halitakuja, na sasa limekuja sijui niliweke wapi. Nimeomba likizo ya Krismasi. Mwambie Mama alowanishe maharage.

Haya, sikiliza. Kwanza weka chini ile fimbo yako nene kama mpini wa jembe. Maji yakiwa meupe, mshipi wa kuhimili pauni ishirini samaki anauona kama wewe unavyoiona kamba ya kuanikia nguo. Shika fimbo nyepesi, mshipi wa pauni nane. Risasi ya kuzamishia usitie kabisa, mnyoo uzame kwa uzito wake mwenyewe. Ncha ya ndoana irudishe ndani ya mwili wa mnyoo ili isikamate visiki.

Mnyoo wenyewe haununuliwi. Nilikuwa naokota minyoo yako iliyochanika sakafuni mwa mashua, naiyeyusha kwenye kikopo juu ya jiko la Mama, natia chumvi kiganja kimoja na mashapo ya kahawa hadi iwe rangi ya tope la mto, kisha namimina kwenye kibao nilichokichonga umbo la mnyoo. Chumvi ndiyo siri. Besi akiuma kitu chenye chumvi hakitemi upesi. Usichemshe sana, utakakamaa.

Jua likiwa kali tafuta kivuli, chini ya magati, upande wa kisiki usio na mwanga. Rusha mbali kupita kivuli, uache uzame, kisha usifanye kitu. Najua ndipo utakaposhindwa. Wewe ukirusha mkono unawasha kuvuta. Mimi nilijifunza kungoja kwa sababu nyuma ya mashua hakuna kazi nyingine. Samaki uliowapita walikuwa wamekwisha kushtuka, ilibidi niwabembeleze.

Upepo ukivuruga maji, chukua bati lako jeupe, hapo ndipo mahali pake, besi wanawafukuza dagaa juu juu na hawana muda wa kukagua. Mvua ikinyesha na mto ukaleta tope, badilisha tena, mnyoo mweusi mnene, karibu kabisa na ukingo. Usiking'ang'anie chambo kwa sababu jana kilikulisha. Maji ya jana yameshapita.

Lipo la baridi pia. Upepo wa kaskazini ukishuka na maji yakapoa chini ya nyuzi hamsini za Fahrenheit, mnyoo huo peke yake hautoshi, kuna jambo la kufanya. Hilo haliandikiki. Nitakuonyesha mwenyewe Krismasi, mimi nikiwa mbele.

Ukiulizwa unarusha nini, danganya kama kawaida. Mtu wa ziwa letu hamwambii ukweli wa chambo chake hata mchungaji. Mimi nimekuambia kwa kuwa tumenyonya ziwa moja.

Mdogo wako akupendaye,
Dewey


Pruitt, Alabama
6 Novemba 1983

Mdogo wangu wa dhahabu,

U hali gani? Sisi huku neema tupu. Samahani kwa kukawia, sijakaa chini tangu Oktoba. Mnyoo wako umefanya maajabu. Bwana mmoja wa Birmingham alitoa saba kwenye gati moja akataka kunibusu. Rusty Crane ananifuata ziwani na darubini. Kungoja bado kunanitesa, naikalia mikono yangu.

Haraka haraka, niambie: hicho kiganja cha chumvi ni sawa na vijiko vingapi? Na kibao chako ulikichonga kwa mti gani? Nijibu upesi.

Mama amelowanisha maharage tangu sasa. Mbele pako panakungoja.

Kaka yako,
Verlon


Flint, Michigan
29 Desemba 1983

Verlon,

Natumaini u mzima. Mimi mwili ni mzima.

Mama atakuwa amekwisha kukuambia kwamba nilikuja. Nilishuka kwenye basi tarehe 23 saa nne asubuhi, mbele ya duka la Hoyt, nikaingia nipate kahawa kabla ya kutembea hadi nyumbani. Hoyt hakuwapo. Alikuwapo mke wa mwanawe, mgeni pale, hanijui.

Picha iko palepale juu ya jiko. Ina fremu mpya na taa yake ndogo. Mtu amechora mshale mwekundu kwenye kioo, na mshale unaelekea mdomoni mwa samaki.

Chini yake pana rafu ya pakiti. Minyoo ya kahawia, kumi kumi. Imeandikwa Mnyoo wa Verlon, na picha ileile imechapwa juu, wewe na nywele zako. Nikamuuliza yule mwanamke, hii ni nini. Akaniambia kwa upole, kama anavyowaambia wageni wote, "Huyo ni Verlon Tate. Alimvua huyo mkubwa kwa mnyoo anaoupika mwenyewe jikoni kwake. Miaka saba alikuwa anatudanganya eti ni bati jeupe, mzee mjanja huyo, kumbe siri iko mdomoni mwa samaki na sote tunaitazama."

Nikamuuliza kama picha imewahi kushushwa. Akasema mara moja tu, mwezi wa Septemba, ilipokwenda kwa fundi wa fremu.

Kwa hiyo hukudanganya yote, kaka. Imeshuka kweli. Na wazee wa jiko la kahawa uliwaambia kweli kwamba si bati. Uliliruka jina langu tu, ikatosha, maana hapa kwetu mvuvi akikiri alidanganya chambo anapigiwa makofi. Mimi ndiye niliyekuandikia danganya kama kawaida. Asiyekuwapo na lake halipo, na mimi sikuwapo miaka kumi na miwili nikiwa futi kumi nyuma yako.

Nilifika nyumbani nikala maharage. Mama akaniambia uko ziwani na wageni, utarudi jioni, na kwamba umenisafishia kiti cha mbele. Nikamuuliza kama anajua habari za ile minyoo. Akainamisha kichwa, akasema, "Alisema mmekubaliana." Nikasukuma sahani, akaelewa, akaanza kulia, nami sikwenda Alabama kumliza mama yangu. Nikamwosha goti, nikamchua dawa, nikapanda basi la saa kumi. Uliniona? Tulikupita kwenye daraja la ziwa. Ulikuwa umesimama mbele, na nyuma yako mtu mwenye buti mpya anarusha kwenye maji uliyokwisha kuyapita.

Nilikuwa nimeleta kile kibao nilichokichonga. Ni mti wa mwerezi mwekundu, uliuliza. Nilikuwa nikupe. Nimekirudisha huku.

Pakiti moja niliinunua, bei yake kamili, na risiti ninayo. Nimeipima kwenye beseni la maji ya huku. Umechemsha sana. Ikiingia Januari minyoo hiyo itakakamaa kama msumari, na wageni wako watakuuliza wafanye nini.

Mimi usiniandikie. Lile jambo la maji ya baridi muulize yule mtu aliye kwenye picha. Yeye ndiye aliyemvua samaki.

Mteja wako,
D. Tate