Kwa Peris, Mke Mwenza Wangu wa Kondele

Peris, nyieka, mke mwenzangu,

Leo Jumapili nimefunga kazi mapema. Mguu wa kulia umevimba tena, na mvua ilikuwa inaingia barazani kutoka upande ule usio na turubai. Nimefunika cherehani, nikarudi chumbani kwako Manyatta kwa miguu, nikapumzika mara tatu njiani. Sasa nimekaa kwenye kitanda chako. Nimechoka kuongea na wewe kichwani tu, nimeona niandike.

Ni miezi saba tangu uende. Siku hizi sipiki ugali. Nakunywa chai na mkate, nalala. Binti yako Lilian ananipigia simu kila Jumapili akitoka kanisani, ananiita Mama, na mimi naitika. Mara ya kwanza nilikitazama kitanda chako kabla ya kuitika. Natumaini hukusikia vibaya.

Kuna jambo sikuwahi kukuomba msamaha. Unakumbuka ile siku, wakati watoto wangu bado wadogo, nilipotoka kijijini Luanda Kotieno mpaka mlangoni kwako hapa mjini, nikamwaga sufuria yako ya maharagwe mbele ya majirani? Nilikuita mwizi wa mume. Wewe ulichukua ufagio ukaanza kufagia. Nilirudi nyumbani nikijiona nimeshinda, na kwa zaidi ya miaka thelathini sikulitamka jina lako. Nilikuwa nakuita "yule wa Kisumu." Tulipomzika mzee wetu ulikaa nyuma kabisa na kitambaa chako kichwani, na sikukupa hata maji ya kunywa.

Halafu macho yangu yakaingia ukungu. Miaka mitano nilikuwa peke yangu katika boma lile, watoto wote wameenda, naanika omena, dagaa wa ziwani, kwa kupapasa. Kliniki wakasema lazima nije Kisumu kufanyiwa upasuaji. Mwanangu Odhiambo akasema yuko kazini Nairobi, nitafute mtu wa kunipokea. Sikuwa na mtu. Nilishuka stendi nikaona kivuli cha mtu kimesimama mbele yangu na mwavuli, kikachukua mkoba wangu mkononi.

"Ni mimi Peris. Usiniulize kwa nini nimekuja, hata mimi sijui."

Nani alikuambia naja, sijui mpaka leo. Nilitaka kukataa. Lakini sikuwa naona hata barabara iko wapi.

Nilikuja kwa wiki mbili. Zikawa miaka minne.

Bandeji ilipotolewa, kitu cha kwanza nilichoona vizuri ni uso wako, na nikashangaa umezeeka. Nilikuwa nimekuchukia ukiwa kijana muda wote huo! Hukutaka kuniacha nyumbani peke yangu, ukanichukua mpaka pale Kondele, kwenye baraza ulipokuwa ukishonea, ukanipa kigoda, wembe na suruali za mitumba. "Fumua hizi. Ukikata kitambaa tutalia wote wawili." Nikafumua. Baada ya mwezi ukanipa pindo. Baada ya pindo, zipu, ambazo zilinitoa machozi. Nilikuwa na miaka sitini na moja, najifunza kukanyaga cherehani kama msichana, na wewe hukunicheka hata mara moja. Labda mara moja, ile siku niliposhona mguu wa suruali pamoja na mkono wa shati nililovaa.

Kisha tukagundua kwamba mimi najua kola. Sijui ujuzi huo ulikuwa umejificha wapi. Mama mmoja alileta sare ya shule ya mtoto wake, kola imekunjamana, nikaifumua nikaishona upya, ikalala vizuri kuliko ya dukani. Akauliza ni nani ameshona. Ukasema, "Dorina." Ukasema hivyo tu, huku unatafuta mkasi wako. Mimi niligeuka upande mwingine. Tangu niolewe nilikuwa mikayi, mke wa kwanza, au Mama Odhiambo. Wote walioniita Dorina walikuwa wameshakufa. Wiki ile nzima watu walikuja wakiuliza, "Dorina wa kola yuko wapi?"

Na tulivyocheka, Peris. Mzee wetu, Mungu amrehemu, alikuambia mimi ninaunguza samaki. Mimi aliniambia wewe hujui hata kuchemsha mayai. Siku ile ulipotoa ile leso ya maua ya zambarau uliyopewa na mzee Krismasi, nikafungua mkoba wangu nikatoa ya kwangu, maua yale yale. Alinunua doti moja akaikata katikati. Miaka yote hiyo kila mmoja wetu akijitanda nusu yake na kuringa. Ulicheka mpaka ukakaa chini, ukashika kifua. Nilidhani ni kicheko tu.

Kumbe ilikuwa presha. Siku tatu hospitalini, na asubuhi ya nne nesi akanikuta kwenye korido nimebeba uji wako. Uji ule nilirudi nao. Nimesahau nilivuka barabara vipi.

Sasa nikuambie yale ambayo hukuyaona.

Ndugu za mzee walikaa kikao nyumbani. Wakasema hukuwahi kujengewa nyumba bomani na huna mtoto wa kiume wa kukusimamia, kwa hiyo urudishwe kwenu ukazikwe huko. Kwenu wakasema uliolewa, wewe si wao tena. Wiki mbili ulikuwa mochari, Lilian anapiga simu huku na huku akilia. Aliyekupinga zaidi ni wifi yetu Turufena. Alisimama akasema, "Yule wa mjini hana mlango hapa."

Nyieka, unanijua. Katika boma lile sijawahi kusema mbele ya wazee. Nilikuwa nawapelekea chai na kutoka. Siku hiyo niliweka birika mezani nikabaki nimesimama. Nikawaambia, "Mimi ndiye mikayi wa boma hili. Mlango wangu ni mlango wake. Mleteni, atalala nyumbani kwangu. Na anayekataa aje asimame mlangoni anizuie." Turufena akasema nimerogwa huko Kisumu. Mzee Owuor, aliyeongoza kikao, akavaa kofia yake, akasema, "Mikayi ameshasema." Wakaenda kukuleta.

Nilihamisha meza yangu, ukawekwa pale sebuleni. Nilikupigia pasi gauni lako la kijani mwenyewe, na kola nilikuwa nimeibadilisha. Tulikuzika upande wa kushoto wa nyumba yangu, unapoweza kuona ziwa migomba ikikatwa.

Baada ya mazishi Odhiambo aliniambia nibaki nyumbani. "Mama, watu watasema nini, mjane wa umri wako anapanga chumba Manyatta?" Nikamwambia nina sare za watu ambazo hazijaisha. Nikapanda matatu nikarudi. Sasa nakanyaga cherehani yako, na nina wateja, lakini baraza ni kubwa mno kwa mtu mmoja. Kuna siku nageuka nikuonyeshe mshono, nakuta ukuta. Kuna siku najiuliza nilirudi kufanya nini.

Halafu juzi, asubuhi, nimeinama natia uzi, nikaona viatu vya mwanamke vimesimama mbele yangu. Havikusogea. Nikainua kichwa. Turufena.

Amefiwa na mume mwezi wa pili. Mkaza mwana wake hamsemeshi. Alisimama pale ameshika mfuko wa plastiki, akasema, "Nimesikia unafundisha." Sijawahi kufundisha mtu. Nilitaka kumwambia yale aliyosema juu yako, neno kwa neno, mbele ya wateja. Yalikuwa yamefika mdomoni. Lakini nilimtazama, Peris, ameukumbatia ule mfuko, na mimi nimechoka. Nimechoka kuchukia watu. Inataka nguvu ambazo sina tena.

Nikamwambia arudi Jumatatu. Kesho ni Jumatatu.

Sijamsamehe, na sitakudanganya kwamba nimemsamehe. Sijui hata kama wewe ulikuwa umenisamehe siku ile stendi, au ulikuja tu kwa sababu mtu haoni na lazima apokewe. Ningependa ungeniambia.

Basi lala, dada yangu. Kwa Lilian usiwe na wasiwasi, akipatwa na neno mlango uko wazi. Na Turufena, nakuahidi nitamfundisha mpaka ajue, kuanzia kufumua. Akikosea sitamcheka. Na siku ya kwanza mteja akiuliza ni nani ameshona, nitamtaja kwa jina lake.

Mimi,
Dorina