Kidonda cha Bi Zuhura

Jumatatu, 7 Julai

Kosa la wengi ni kudhani kidonda cha kitandani huletwa na uchafu. Huletwa na uzito. Mfupa unaibana nyama kwenye godoro, damu haipiti, nyama inakufa. Mgonjwa aweza kuogeshwa mara tatu kwa siku na bado akaoza. Nimewafundisha hivi masista wadogo miaka mingi. Sasa shirika letu lina watatu tu hapa mjini, na anayewazungukia wagonjwa ni mimi.

Leo Kibokoni, kwa Bi Zuhura. Kiharusi. Hasemi. Nyonga ya kulia ina shimo linaloingia kidole. Analazwa ubavu huo huo tu. Nimemwambia bintiye, Salma, amgeuze kila saa mbili.

Jumatano, 9 Julai

Hajageuzwa. Harufu imenipokea ngazini. Nilikasirika. Nikamwambia Salma, mbele ya shangazi yake, kwamba anamwacha mama aoze kwa uvivu.

"Sista, mimi silali," akasema polepole. "Wewe waja na mkoba wako, wasafisha, wenda zako. Toka nyumbani mwetu."

Nikatoka. Njia nzima nilijiona nina haki.

Jumamosi, 12 Julai

Hodi mara tatu. Salma dirishani: "Mamangu kalala." Siwezi kuingia kwa nguvu. Kidonda hakingoji.

Jumatatu, 14 Julai

Nimemkuta shangazi yake Salma mtaani Makadara, anachagua ndimu. Nikamwuliza kwa nini Salma hamgeuzi mgonjwa.

"We Sista! Miaka yote hii uko nasi na hujui? Mtu akiwa taabani twamlaza ubavu wa kuume, uso kibla. Amgeuze, akate roho kaelekea kabatini?"

Kumbe si uvivu. Ni hofu, kila saa, ya pumzi ya mwisho. Nami sikuuliza. Swali moja tu.

Tukaenda pamoja. Shangazi akanipitisha mlangoni. Nilitoa mto kichwani nikauweka miguuni. Tukamzungusha Bi Zuhura, kichwa kikaja palipokuwa na miguu, akalala ubavu wa kushoto. Uso kibla vilevile. Nyonga ya kulia hewani.

Salma aliutazama ule mto. "Ni hilo tu, Sista?"

Ni hilo tu. Siku tano zimepotea. Mwili wake ulikuwa moto. Nikamwita daktari.

Jumatano, 16 Julai

Sumu ya kidonda ilikwishaingia damuni. Sindano hazikufua dafu. Amefariki baada ya alfajiri. Adhuhuri wamemzika.

Alhamisi, 17 Julai

Matangani. Nilivua viatu, nikaketi mkekani na wanawake. Salma macho yamevimba. Akawaambia wote: "Sista alitaka kumponya. Mimi ndiye niliyemfungia mlango. Mimi ndiye niliyemuua mamangu."

Wakamwambia anyamaze, asikufuru. Kisha akanimiminia kahawa kwa mkono wake, akanishukuru. Niliipokea. Nikainywa yote. Sikusema neno.

Huu ni woga, na hauna jina jingine.

Ijumaa, 18 Julai

Manyunyu tangu asubuhi. Nimechemsha koleo, nimekunja chachi za vidonda. Ni siku ya tatu ya matanga. Wanawake bado wako pale.

Leo, nenda ukamwambie Salma, mbele yao wote, kwamba mlango aliufunga kwa sababu wewe ulimtukana.