Fiba Hainywi Maji, Shemeji

Shemeji Deusi,

Usitegemee pole kutoka kwangu. Pole ulizimaliza msibani, tena nyingine za watu wasiokujua. Mmoja alisimama akasema Nyamirembe imepoteza fundi mwenye hekima. Hekima! Nilitoka nje nikatema mate. Mimi nimemwoa dada yako, tumetaniana tangu siku ya mahari, na sioni kwa nini nianze kukuheshimu leo eti kwa sababu umefukiwa.

Mitumbwi uliijua, sikatai. Mtumbwi ukikaa juani ukapasuka nyufa, mnaujaza mawe, mnauzamisha hapo mwaloni, ufukweni tunapoegesha, mbao zinakunywa, zinavimba, nyufa zinajifunga. Baba yako alifanya hivyo, na babu yako pia. Sawa. Lakini boti ya zahanati ni ya fiba, bwana! Wale watu wa misaada waliokuwa wakipita kwenda kambi ya wakimbizi Ngara waliiacha ili ichukue wagonjwa visiwani, hawakuiacha uifanye uji.

Ilipoanza kuingiza maji kwa nyuma, pale mguu wa propela unapotoboa ukuta wa boti kuingia kwenye injini, ukashindilia pamba na lami. Maji yakaja. Ukaongeza lami. Maji yakaja. Ndipo ukatoa dawa yako kubwa: "Tuizamishe, inywe."

Nilikuambia, Deusi, sahani ya plastiki uliiona wapi ikavimba? Ukacheka na lile pengo lako, ukasema mbele ya watu wote, "Mtu wa migomba, kwenu Bukiriro maji mnayaona kwenye ndoo. Acha inywe." Mwalo mzima ukacheka. Nesi wa zahanati naye akakubali, maana wewe ndiye fundi wa mwalo na mimi ni mtengeneza malori tu. Tukaing'oa injini, tukaining'iniza kwenye magogo, nawe ukaijaza boti mawe kwa furaha kama mtoto. Mimi nikarudi Ngara kwenye malori yangu ya kambini, natukana njia nzima hadi Nyamigogo.

Kisha ukaenda kisiwani kuchonga mtumbwi wa mtu, homa ikakupanda kichwani. Mjumbe alifika mwaloni anahema, anaomba boti. Boti gani? Boti ilikuwa chini ya maji, inakunywa kama ulivyoagiza. Wakakufuata kwa makasia. Na makasia ni makasia, Deusi. Walikukuta umeshafunikwa shuka.

Sikio la kufa halisikii dawa. Nilikuwa nikilisema hilo kwa watu wengine.

Baada ya kukuzika nimeinua ile boti. Nilikuwa na hasira, nilitaka nione kwa macho yangu ulikuwa mjinga kiasi gani. Nikaipandisha nchi kavu, nikakwangua lami yako yote, nikauacha upande wa nyuma ukauke kabisa. Halafu nikapaka unga wa muhogo kila penye kiungo na kila penye bolti, kwa nje, nikamwaga maji ndani kwa ndoo, nikakaa kuangalia. Bolti kavu. Ukuta mkavu, ingawa kwa ndani ile mbao iliyofichwa kwenye fiba imeanza kulainika kwa sababu ya kuloweka kwako, mpumbavu wewe. Kumbe unga ulilowa sehemu moja tu: chini ya ule mpira wenye mikunjo unaofunika ekseli inayotoka kwenye injini kwenda kwenye mguu. Kwenye mkunjo wa chini kulikuwa na mpasuko. Ningeweza kuuziba kwa kidole gumba.

Nilichana tyubu ya lori, nikaizungushia mpira, nikabana huku na huku kwa klipu za bomba la rejeta. Nilianza asubuhi, na kabla ya chakula cha mchana nilikuwa nanawa mikono. Tukarudisha injini, boti ikaingia ziwani. Chini kukavu, ungeweza kuanika dagaa. Watu wakapiga vigelegele, nami nikakaa palepale kwenye mchanga nikalia kama mjinga mwenzako. Nakuchukia kwa hilo pia.

Jana dada yako Veneranda alinijia jikoni. Hajalala vizuri tangu tukuzike. Wenzake wamemjaza maneno ya kurogwa, lakini hilo silo analouliza. Aliuliza, "Baba Jeni, uvujaji ule ungezibika kabla kaka hajaenda kisiwani?" Alinishika mkono, hakutaka kuuachia.

Unanijua mimi. Sijawahi kukuficha jambo, wala kumficha yeye. Ulimi ulikuwa tayari.

Nikamwambia usingezibika. Nikamwambia mpira wa boti ile haupatikani huku, umeletwa juzi kutoka Mwanza, na kabla ya hapo hata fundi wa Ulaya angekaa akitazama. Nikamwambia kaka yako alijua hivyo, ndiyo maana aliizamisha, angalau ajaribu. Akaniachia mkono. Alilala hadi jua likatoka.

Basi lala nawe, shemeji. Tyubu ikichakaa nitafunga nyingine, na kila nikiifunga nitakutukana mpaka nichoke. Nitakutukana kimyakimya. Mbele ya dada yako ulikuwa fundi mwenye hekima, na hivyo ndivyo nitakavyosema mpaka waje kunilaza karibu yako.

Shemeji yako,
Baba Jeni