Zakaria, Barua Yangu Ilijibiwa

Zakaria, ndugu yangu,

Ni wiki ya tatu tangu tukuzike kule Nyololo. Nimeianza barua hii mara nne. Kila nikifika kwenye salamu mkono unakataa.

Juzi mkeo alinifuata kazini, kwenye mashine ya mpunga hapa Ubaruku, amebeba sanduku lako la bati. "Shemeji, humu mna barua za Kizungu. Nisomee, nijue kama kuna watu wa kuarifiwa msiba."

Ya chini kabisa ilikuwa na jina langu.

Unalikumbuka lile tangazo. Wachapishaji wa Uingereza walitafuta Mtanzania anayejua Kiingereza, awatafsirie hadithi za wazee akiwa nyumbani kwake, kazi iende na kurudi kwa posta. Niliandika maombi siku nzima, wewe umekaa pembeni unanimenyea karanga. Sikuwa na sanduku la posta, nikatumia lako la Rujewa. Baada ya miezi miwili ukaja, ukaegemeza baiskeli ukutani, ukanishika bega. "Wamekataa, Lameck. Wanataka mtu aliyesoma kwao." Nami nikakuonea huruma wewe, kwa kubebeshwa habari mbaya.

Kumbe walinikubali. Na barua iliyofuata, yenye jina lako, inasema wamesikitika kusikia nimeghairi, na wanafurahi kwamba utashika nafasi yangu.

Udhaifu wa Kiingereza chako naujua tangu tulipokuwa shule Iringa. Ndiyo maana nilipozifikia nakala za hadithi ulizowatafsiria, humo humo sandukuni, nilizisoma mara mbili. Yalikuwa yale mazoezi yako. Miaka miwili, kila Jumamosi: "Nisahihishie, mwalimu wangu, nisije nikazeeka mjinga." Nikawa nafuta karibu kila mstari na kuandika upya, najisifu kwamba unapiga hatua. Ulipojenga, nilidhani ni mpunga umekubali. Mabati yako nilikusaidia kuyapigilia.

Ungeniambia tu, Zakaria. Tungefanya pamoja. Mimi ningekataa nini kwako?

Mkeo akauliza, "Wanasemaje, shemeji?" Nikamjibu wanaisifu kazi yako. Akalia, akasema hukuacha kunitaja kwenye sala ya jioni. Sikujua niuweke wapi uso wangu.

Jana nimewaandikia Waingereza kwamba sikughairi. Huenda wakaniona mimi ndiye tapeli. Hata hivyo nimekwenda Rujewa kwa miguu, nikaitia barua posta kwa mkono wangu.

Jumapili, baada ya ibada, nitakwenda kwa mkeo nimweleze yote, taratibu, watoto wakiwa nje. Pengine atanichukia. Lakini sitamwacha aishi kwa maneno matamu kama nilivyoishi mimi. Na shamba lake nitamlimia msimu huu, akikubali. Hayo mawili nakuahidi.

Kwaheri, Zakaria. Ningependa kukuandikia kwamba nimekusamehe. Bado, na mimi sitakudanganya.

Lameck