Makochi ya Wifi Hayaingii Humu

Mpendwa mshauri, naomba msaada wako kabla Jumamosi haijafika, maana Jumamosi wifi yangu analeta makochi, nami nimeapa hayaingii.

Mimi ni fundi cherehani, naishi na mume wangu na watoto wetu wawili katika chumba kimoja, na mwenye nyumba hataki kusikia habari ya msumari ukutani, basi nikaona nisipotumia akili tutalala juu ya cherehani, nikafunga kamba kutoka nondo za dirisha hadi nondo za juu ya mlango, nikashona pazia la vipande vinavyobaki kwa wateja, lina mifuko toka juu hadi chini, humo mna vijiko, madaftari, soksi, mikasi, na usiku ndilo ukuta wa watoto, kitanda nimekiinua kwa matofali ili masanduku ya nguo yaingie chini, na mlango mbovu aliotupa jirani ndio meza yangu ya kukatia mchana, ya kulia jioni, kisha tunausimamisha ukutani tukalale. Majirani wanakuja kuiga, na mmoja ameshaagiza pazia kama langu.

Wifi alipotutembelea alikaa ukingoni mwa kitanda, akazungusha macho, akasema, "Kumbe kaka yangu anaishi dukani." Sasa wifi amenunua makochi mapya, yale ya zamani anatupa sisi, makubwa ya kuzamia, na mume wangu amekubali bila kuniuliza, eti, "Mama watoto, toa hizo kamba, cherehani ikae barazani, na sisi tuonekane watu." Barazani mvua inaingia, mshauri, na cherehani hiyo ndiyo inayotulisha yeye akikosa kazi. Nikamwambia makochi yakiingia, mimi natoka. Tangu hapo analala akinipa mgongo. Nampenda, lakini pazia langu silishushi. Je, nimekosea?

Fundi Pazia

*

Fundi Pazia,

Makochi usiyapokee. Hilo tulimalize kwanza. Wifi yako anatafuta pa kutupia vya zamani, na wewe si stoo yake. Wahenga walisema penye nia pana njia. Wewe hata njia hukuwa nayo, ukaishona. Mwenye nyumba angekuruhusu misumari, ungepigilia rafu kama watu wote, na hakuna jirani ambaye angekuja kuiga. Chumba kile ni kazi ya mikono yako, na mtu asikuonee haya kwa ajili yake.

Lakini usivimbe kichwa, maana nina ugomvi na wewe pia. Nimeisoma barua yako mara mbili nikitafuta kiti. Vijiko vina mfuko, soksi zina mfuko, hata mikasi ina mfuko. Mume wako akirudi amechoka, anakaa wapi? Dada yake alikuja mkamkalisha mnapolala. Yule bwana hana shida na pazia, mama. Anataka mahali pake, na kwa kuwa hukumpa, amechukua pa kwanza alipopewa. Na kumtishia kwamba utatoka, huko ni kukosa adabu. Kamwombe radhi leo, kabla hujafanya lolote.

Kisha fanya hivi. Mwombe wifi vipimo vya makochi, kwa upole. Ijumaa, mume wako akiwa kazini, shika utepe na chaki yako ya kukatia, uyachore sakafuni kwa ukubwa wake, yote, hata yakipita juu ya cherehani. Akifungua mlango mwambie, "Karibu baba, makochi ya dada yako yameshafika, pita usiyakanyage." Akifika kitandani bila kukanyaga mstari, nitakuja kuyabeba mimi mwenyewe.

Hatafika. Mwache acheke, halafu vuta masanduku mawili kutoka chini ya kitanda, ambayo utakuwa umeshayashonea mito. Moja la mgeni. La mume wako liweke pale dirishani penye mwanga, na kitambaa chake kikate kwenye jora jipya. Ameshatosheka na mabaki.

Jumamosi wifi akija, kaka yake amkaribishe akiwa ameketi kwenye kiti chake. Akiuliza makochi yake yakae wapi, mwoneshe sakafu. Chaki usiifute mpaka aione.