Moto na Usingizi wa Bisharo

MAELEZO YA SHAHIDI

Jina: Kabale Jirma
Umri: Hana cheti. Alikuwa msichana wa kuchunga ndama wakati wa vita vya Mtaliano.
Kazi: Kuuza maziwa ya ngamia
Makazi: Bulla Pesa, Isiolo
Tarehe: 14 Septemba 1983
Mbele ya: Konstebo Rimberia

Rimberia, andika hili kwanza. Ulipoletwa Isiolo ukiwa mgeni, tumbo likikusumbua, ulikunywa maziwa kwangu ukaniita mama. Tangu upewe nyumba kwenye laini ya polisi hujakanyaga kwangu. Mvua mbili zimepita. Mpaka mama yako akufuate kituoni? Haya, kalamu unayo.

Nimekuja kwa sababu ya Bisharo, mke wa mwanangu Godana, ambaye mmemweka ndani. Mnasema alichoma chumba makusudi ili afie humo. Si kweli. Nitasema ilivyokuwa, na uso wangu sijui nitauweka wapi.

Mtoto wake wa kwanza alifariki mwezi wa Ramadhani. Godana alirudi malishoni kwa ngamia, Bisharo akabaki na mimi. Akachoka. Hakulia. Alikaa akiegemea ukuta, macho wazi hadi adhana ya alfajiri. Ukimpa chai anashika kikombe mpaka ipoe. Nilisema ni jicho la watu, akasomewa Kurani. Alipokuwa bado vile vile, nikampeleka hospitali.

Nesi alimpa vidonge vya huzuni. Akaniambia, "Mama, dawa hii inaleta usingizi kwanza. Nafuu inakuja nyuma, pole pole. Asikae na moto, na usimkatizie ghafla."

Nikamuuliza, "Mtu amechoka tayari, nyinyi mnamwongezea?"

Akasema, "Kule kuchoka kwa kwanza ni ugonjwa. Huku ni dawa. Mwache alale."

Masikio yangu ni mazima, maneno yake niliyasikia. Lakini niliona aibu. Majirani niliwaambia ni malaria. Wakijua mke wa mwanao anakula dawa ya kichwa, hata maziwa yako watayapita.

Na alilala, wallahi. Alilala hadi jua kali, akiamka mdomo mkavu, miguu mizito kama ametoka Kipsing kwa miguu. Lakini asubuhi moja aliniuliza, "Mama, umekula?" Tangu mtoto afe hakuwa ameuliza mtu kitu. Hapo ningejua dawa inashika. Sikutaka kujua. Niliona usingizi tu.

Mnamo Jumatatu, tarehe 12, baada ya sala ya alasiri, jirani yangu Ado alikuja kununua maziwa pamoja na wanawake wengine. Kwetu kibuyu cha maziwa hufukizwa kwa vijiti vyenye makaa, na kazi hiyo ni ya mke wa nyumba. Kibuyu kikinuka, ni yeye amenuka. Ado alinusa akakunja pua.

"Kabale, nani anafukiza hapa? Umeletewa mke wa mtoto ama umefuga chatu? Malaria gani hii inakoroma?"

Wote wakacheka. Niliingia ndani nikamvuta Bisharo mkono. Akasema, "Mama, mwili umekataa." Nikamwambia, "Wa nani haujakataa? Amka, unanitia aibu." Nilisema kwa nguvu ili Ado asikie. Nikampa kibuyu na vijiti vya moto mkononi, nikatoka kupima maziwa.

Kabla sijamaliza kumpimia Ado, niliona moshi. Bisharo alikuwa amelala vile vile ameketi, kijiti kimeanguka juu ya godoro. Tulimtoa mimi na Ado. Ado aliungua mkono, hilo pia andika. Ana mdomo mbaya lakini aliingia. Chumba kiliisha.

Mlipokuja mlikuta vidonge kwenye fundo la leso yake. Ulimuuliza, "Ulitaka kufa?" Akainamisha kichwa. Mimi nilikuwa nimesimama pale, watu wamejaa. Ningesema neno moja tu, kwamba ni usingizi wa dawa. Nikanyamaza. Mkamchukua mbele yangu, nami nikaangalia chini kama mtu anayetafuta shilingi.

Tangu siku hiyo hajameza dawa, kwa sababu mmeiweka kwenye droo. Jana nilimletea chai hapa. Nilimkuta macho wazi, anatazama ukuta, kikombe kikapoa. Rimberia, huko ndiko nilikomtoa.

Yeye hakuwasha moto. Mkono uliompa moto ni huu. Kama lazima mtu alale hapa, mtoe huyo, niingie mimi. Na mpe dawa yake sasa, usingoje nimalize kuongea.

Nimesema kama ilivyokuwa, na mbele ya Mungu sina la kupunguza.

(Alama ya dole gumba la kulia la Kabale Jirma)

Maelezo haya nimeyaandika kwa Kiswahili na kumsomea shahidi, akakubali ni sawa. Vidonge nimempa mtuhumiwa, na nesi ameitwa. Shahidi alikataa kuweka dole mpaka niahidi kuandika maneno yafuatayo, nami nayaandika kama alivyosema: "Ukija Bulla Pesa, usiniite kutoka barabarani. Ingia, kaa, kunywa maziwa. Ukikuta Bisharo amelala, usimwamshe. Na mtu akikuuliza mlangoni anaumwa nini, usiseme malaria. Sema ni huzuni, na anakula dawa yake. Sema kwa sauti."

Rimberia, Konstebo