Cherehani Isiyo na Jina

Geita Mgodini,
8 Novemba 1953

Kaka Telesphori,

Shikamoo. Naomba barua hii ikukute umeshainuka kitandani, maana nilisikia homa ilikulaza wakati wa kupanda karanga. Wifi Scolastika hajambo? Na mguu wa Mama unaendeleaje? Mimi na mwanangu Anisia tu wazima, tunakula na tunalala.

Barua yako imenifikia. Umeniandikia niwaachie ukoo wa marehemu mume wangu cherehani, nifunge mizigo, nirudi Ushirombo kwa amani. Kaka, nakuheshimu, lakini kwa hilo umekosea. Cherehani ile niliinunua kwa maandazi niliyowauzia wachimbaji alfajiri, kwa Mhindi aliyekuwa akifunga duka lake. Marehemu Donatus, Mungu amrehemu, alikuwa mume mwema, ila mguu wake haukuwahi kugusa kanyagio. Cherehani hiyo ndiyo inayomlisha Anisia na kumsomesha. Bila hiyo mimi ni nani? Mzigo wa kulishwa na wewe tu.

Sasa sikiliza. Matanga yalipokwisha, shemeji yangu Makoye alifika kutoka Kharumwa na wazee wawili kugawa mali. Nikamwambia cherehani ni yangu. Akasema mimi mwenyewe nilitolewa ng'ombe, basi hata jasho langu ni mali ya zizi lao. Eti jasho langu! Wazee wakaamua aletwe fundi aikague. Ikiwa ya thamani, inakwenda Kharumwa kubadilishwa kwa ng'ombe. Ikiwa kikuukuu, anaachiwa mjane. Wakadhani nimekubali.

Baada ya juma moja walirudi na Onesmo wa Buseresere, fundi anayenunua cherehani za zamani na kuziuza. Alianza kwa mbwembwe, akatueleza kwamba cherehani ya kweli huwa na jina la kampuni kwa rangi ya dhahabu, na nembo ya shaba ubavuni, na kwamba namba zilizogongwa kwenye chuma ndizo husema ilitoka kiwandani mwaka gani. Akatafuta jina, hakuna. Nembo nayo hakuna, matundu tu. Akapapasa mahali pa namba, pako laini. Akakanyaga, ikapiga kelele kama bata. Akafungua chini, akatoa kile chuma chenye umbo la mtumbwi kinachobeba uzi, akatikisa kichwa na kusema vya aina hiyo haviletwi tena. Mwishowe akatangaza kwamba mashine hii haina baba wala mama, na kwamba yeye angeitolea mbuzi mmoja, tena mwenye upele.

Makoye alicheka mpaka akashika mbavu. Wazee wakatamka mbele ya majirani kwamba ni yangu, nibaki nayo nimlilie mume wangu. Nikajifunika kanga usoni, mabega yakatikisika, wakanionea huruma. Kaka, nilikuwa nacheka.

Maana aliyeifanya yatima ni mimi. Mimi Salvina! Juma lile lote nilisugua yale maandishi kwa jivu na mchanga mpaka vidole vikachubuka. Nembo niliing'oa kwa bisibisi ya jirani. Namba nikazijaza nta iliyochanganywa na masizi, na mkanda wa ngozi nikauficha, nikafunga kamba. Mhindi alikuwa ameniambia zamani kwamba mashine hiyo ni ya kabla ya vita vya Wajerumani, na kwamba hata turubai inashona. Kama Onesmo angeijua thamani yake, Makoye angeondoka na ng'ombe wazima.

Utasema nimedanganya. Sawa, nimedanganya. Jumamosi nilikwenda kuungama. Nilimtajia Padre hasira zangu, ulimi wangu na Misa niliyokosa. Hili la jivu sikulitaja, kwa sababu si dhambi. Ukitaka, mwonyeshe Makoye barua hii. Wazee wamekwisha kutamka, nami sirudi Ushirombo.

Wifi na watoto nawasalimu wote. Mama mwambie anitumie vipimo vyake, nimshonee gauni la Noeli.

Mdogo wako asiyejuta,
Salvina, fundi wa nguo